Kikohozi cha Kumeza

Kikohozi cha Badawi kilikuwa na heshima zake. Mtaa mzima wa Kibokoni ulikijua. Alasiri akishatoka kazini, akaoga, akavaa kanzu na kuketi barazani, kikohozi kikimjia alikipokea kwa kifua chote. Aliinama kando, akakohoa, akatema, akafukia kwa ncha ya kiatu, na wenzake walinyamaza mpaka amalize, kama wanavyonyamaza watu msemaji anapovuta pumzi.

"Pole, bwana. Hakijakuwacha tu?"

"Hakijaniwacha."

"Jaribu asali na habbasoda."

"Asali gani? Hii ya madukani ni sukari guru na maji. Mwacheni aende hospitali!"

Kikohozi cha Badawi kilikuwa maneno ya baraza, sawa na habari za mpira na za siasa. Cha mkewe, Mwanatumu, hakuna aliyekijua, kwa kuwa yeye alikimeza.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Badawi alikuwa karani wa mizigo katika ghala moja huko Shimanzi, kazi ya kuhesabu magunia ya kahawa na korosho tangu asubuhi katika vumbi lisilotua. Siku moja likaja gari lenye mashine ya kupiga picha za vifua. Wafanyakazi wakapangwa mstari, makarani mbele na makuli nyuma, mashati mkononi, wakitaniana kwa vitambi na mbavu zao. Kila mmoja akabandika kifua kwenye bamba la baridi, akapigwa picha, akarudi kazini. Lilikuwa jambo jema, na waliolileta walistahili shukrani. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeuliza: wanaume hawa hulala na nani? Vikombe vyao huoshwa na nani? Gari lilifunga milango yake likaenda ghala la pili, na la tatu, na halikupinda hata mara moja kuelekea majumbani.

Picha ya Badawi ilionyesha kifua kikuu. Alilazwa, akachomwa sindano, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vyake. Mwanatumu ndiye aliyemuuguza. Alimchemshia kuku, akampigia mayai katika maziwa, akamkanda mgongo kwa mafuta ya karafuu. Kila asubuhi alichukua kikopo chake cha kutemea, akakimwaga, akakiosha kwa maji ya moto na dawa. Alikizoea kikopo kile hata hakikumchefua tena. Alijua siku ya nafuu na siku ya taabu kwa kutazama tu kilichomo: kizito, cha manjano, kimegandamana na ukuta wa kikopo kama gundi, siku nyingine kina uzi mwekundu. Usiku alilala ubavuni pake. Angelala wapi tena? Mgonjwa akitengwa hufa kwa huzuni, ndivyo alivyosema Bi Mwanaesha, mama yake Badawi, na Mwanatumu hakuona ubaya wa neno hilo.

Badawi akapona. Akanenepa mpaka kanzu zikaachiwa mishono. Bi Mwanaesha akasomesha maulidi ya shukrani, wanawake wakala pilau juu, wanaume chini, na kila mtu akamwambia Mwanatumu: "Hongera, umempata mumeo upya."

Yeye alitabasamu, leso mdomoni.

Kikohozi kilimwanzia kama mtekenyo tu nyuma ya kifua, mahali ambapo mkono haufiki. Akivuta pumzi ndefu kinaamka. Akicheka kinaamka. Akiketi kitako kumnyonyesha Nana, binti yake mdogo aliyekuwa ameanza tu kutembea, kinaamka na kupanda kooni kama kitu chenye miguu. Basi Mwanatumu akaacha kuketi. Alishuka ukumbini, akapanda jikoni, akashuka tena, akakunja nguo zilizokwisha kukunjwa, akafagia palipokwisha kufagiwa. Jiko la nyumba ile lilikuwa juu kabisa, chini ya mabati, na ngazi zilikuwa nyembamba na za giza. Katikati ya ngazi, mahali asipoonekana na wa juu wala wa chini, alishika ukuta, akabana leso midomoni na kukohoa bila sauti, mabega yakirukaruka. Kohozi likipanda, alilishusha.

Hivyo ndivyo alivyofunzwa. Alipoletwa bibi arusi kutoka Kuze, Bi Mwanaesha alimkalisha juu ya mkeka akamwambia mambo ya nyumba ile, na moja lilikuwa hili: mwanamke wa kiungwana hapigi chafya ikasikika njiani. Hakohoi mbele za watu. Hatemi. Njia ya Kibokoni ni nyembamba hata mtu wa nyumba ya pili akigeuza chapati wasikia, na chini ya dirisha kuna baraza ya wanaume. Koo la mwanamke ni sitara kama nywele zake. Kitu pekee alichoruhusiwa kutema ni tambuu, tena kwa utaratibu, ndani ya tasa ya shaba, mkono mbele ya mdomo.

"We mwana, mbona hutulii?" Bi Mwanaesha aliuliza siku moja. Alikuwa ameketi kitandani akikata popoo za tambuu kwa kikasi chake. "Kutwa wapanda, wateremka. Wanitia kizunguzungu."

"Nimesahau upawa jikoni, mama."

"Upawa huo una miguu? Juzi pia uliusahau."

"Ni mimi, mama. Kitwa changu hakitulii."

"Kitwa, au ni huo moshi? Nakwambia kila siku, kuni mbichi zitakuua."

Moshi! Kila mtu alikuwa na jina lake la kukipa kikohozi kile kilipoponyoka leso. Jirani alisema ni kunyonyesha kupita kiasi. Mwingine alimtazama kiuno akasema pengine ni mimba. Mwanamke akikonda kwetu hutafutiwa sababu zote duniani kabla ya kuulizwa kama ni mgonjwa. Naye alikonda. Bangili alizovikwa siku ya arusi zilianza kupita kiwiko zenyewe akiinua mkono, na akiosha vyombo alizivua, akiogopa zisitumbukie kisimani.

Asubuhi moja jikoni kikamzidi nguvu. Alipoondoa leso akaona doa, jekundu, bichi, ukubwa wa kucha. Alisimama akalitazama huku uji ukifurika motoni. Kisha akafanya jambo ambalo mwanamke wa mji wetu tu ndiye angelifikiria: alishuka, akachukua jani la tambuu katika kijaluba cha Bi Mwanaesha, akatia chokaa na popoo na katu, akatafuna mpaka mdomo wote ukawa mwekundu. Tangu siku ile alitafuna tambuu asubuhi na jioni. Akitema damu, ni tambuu. Nani angetofautisha?

"Siku hizi umekuwa mtu mzima," Bi Mwanaesha alimtania. "Wanimalizia tambuu zangu."

"Nimejifunza kwako, mama."

Lakini usiku Nana alilala juu ya kifua chake, pua imeelekea mdomo wake, na Mwanatumu alilala macho wazi akigeuza uso ukutani ili asimpumulie mtoto. Kama ninayo, alifikiri, nampa. Kama sinayo, nina wazimu. Hakujua lipi lilikuwa baya zaidi, na kutojua kule ndiko kulikomla kuliko kikohozi chenyewe.

Akamwambia mumewe.

"Bwana, nahisi nimepata yale yako."

Badawi alikuwa akifunga saa yake ya mkono. Mkono ukasita. "Yangu yepi?"

"Ya kifua."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nafsi yangu."

Badawi hakuwa mtu mbaya, na ni lazima aandikwe hivyo. Hakumkemea, hakumcheka. Alimaliza kufunga saa, akasema, "Basi nitaleta kikopo, wapime." Hakuwaza kumpeleka. Kliniki ya kifua ilijaa makuli na mabaharia. Mke wa mtu angeketije pale katikati yao? Aliona anamsitiri. Akaleta kikopo, na asubuhi ya pili akasimama nacho ukumbini, mwavuli kwapani, Bi Mwanaesha naye mlangoni kushuhudia.

"Haya, tia humo, nisichelewe kazini."

Mwanatumu akageuka, akajifunika leso mpaka machoni. Mume upande huu, mavyaa upande ule, na dirisha wazi. Akachomoza ncha ya ulimi akadondosha mate kidogo, meupe, mepesi, kama mtu ajaribuye moto wa pasi.

"Yatosha?"

"Yatosha. Wao hutaka tone tu."

Badawi akakifunga katika gazeti, akaenda nacho.

Majibu yalikuja: safi. Siku ile Badawi alirudi na halwa, akaita toka chini ya ngazi, "Safi, mama Nana! Safi kama maji ya birika!" Na Bi Mwanaesha akainua mikono akashukuru, halafu akaongeza lake, maana hakuwa mtu wa kuacha neno likapita bila kulitia chumvi.

"Si nilisema? Ukohozi ni maradhi ya wanaume, wao ndio wendao huko mavumbini. Na kama si moshi, basi ni hao wa kwao Kuze. Watu wale wana wakubwa wao, hawajatunzwa siku nyingi. Mwenye pepo hukonda vivyo hivyo."

Mwanatumu akala halwa. Alitaka sana kuamini. Alijaribu kwa siku nyingi kuamini, kama mtu anayejilazimisha kulala. Redio ya jirani ilikuwa ikisema kila jioni kwamba taifa jipya limetangaza vita dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi, naye akiwa ngazini na leso mdomoni alisikia sauti ile nzito ya kiume ikipita juu ya mapaa na kujiuliza vita hivyo vinapiganwa wapi. Cheti kimesema safi. Yeye ni nani wa kubishana na kioo cha daktari? Joto lake la kila jioni, jasho la alfajiri lililolowesha mto, damu chini ya tambuu: vyote hivyo ni uongo?

Bi Mwanaesha akaamua afukizwe. Akaja bibi mmoja mwenye mikoba ya uganga, akamkalisha Mwanatumu juu ya kigoda, akamfunika shuka zito mpaka chini, akamsukumia chetezo miguuni chenye ubani na majani na vitu vyenye harufu ya pembe inayoungua. "Vuta," akasema. "Vuta ndani, mwanangu, wapande waseme watakalo."

Akavuta. Moshi ukaingia katika mapafu yaliyokuwa yakiliwa, ukayakuta, na Mwanatumu akahisi kama mtu amemtia mkono kifuani akafunga ngumi. Alilipiga shuka, akapindua chetezo, makaa yakatawanyika juu ya mkeka. Alianguka mlangoni akipapatika kama samaki, mdomo wazi, hewa haiingii. Kwa nyuma alimsikia yule bibi akisema kwa furaha, "Wamekuja! Wamekuja!"

Pumzi iliporudi, ilirudi na hasira. Jioni ile Badawi alipoingia tu, hajavua hata kofia, alimkuta amesimama katikati ya chumba.

"Kesho nakwenda hospitali. Mwenyewe."

"Kufanyani? Cheti si tunacho?"

"Cheti ni chako, bwana. Kifua ni changu."

"Mwanatumu, pale pana wanaume. Watu watasemaje?"

"Wewe ulipokwenda walisemaje?"

"Mimi mwanamume."

"Kwani mapafu ya mwanamume yako wapi? Yako tumboni?"

Badawi akavua kofia. Hatimaye akasema atamruhusu, ikiwa mama atafuatana naye. Akaenda barazani, na usiku ule alikaa huko zaidi ya kawaida yake.

Kliniki ilikuwa na veranda ndefu iliyotazama ua wenye tangi la maji. Wanaume walijaa mabenchi mawili ya mbele, wengine wamechutama chini. Wanawake hawakujaza hata benchi moja la nyuma. Bi Mwanaesha akamwegemea Mwanatumu akamnong'oneza ndani ya buibui, "Waona? Hesabu mwenyewe. Nilikwambia ni ya wanaume." Naye Mwanatumu alitazama nafasi tupu za benchi lile na kwa mara ya kwanza likamjia wazo lililomtia baridi: labda wanawake wako majumbani, ngazini, na leso zao.

Nesi alikuwa mwanamke wa Kisauni aitwaye Zilpah, mwenye kofia nyeupe na miguu iliyochoka. Aligawa vikopo kama mtu anayegawa karata. "Kohoa, tia humu, funika, weka kwenye sinia lile. Anayefuata!"

"Na picha?" Mwanatumu aliuliza.

"Picha ni baadaye, mama, kama makohozi yameonyesha kitu. Mashine ni moja, watu ni hawa wote. Anayefuata!"

Pembeni yake aliketi mwanamke wa Kikamba, mrefu, kanga imepauka, mifupa ya shavu imechomoza. Alimsalimu Mwanatumu na kumweleza habari zake bila kuulizwa. Anaitwa Wanza, anakaa Majengo, mumewe Musyoka ni kuli wa Shimanzi. "Yeye lile gari lilimfuata mpaka kazini likampiga picha. Mimi nimekuja kwa miguu." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akainuka na kikopo chake, akaenda nyuma ya tangi.

Sauti iliyotoka kule iliwageuza watu wote shingo. Ilianza chini, ikakwaruza, ikapanda, ikakatika, ikaanza upya.

"Huyo ni mwanamke au lori linakataa kuwaka?" mwanamume mmoja aliuliza, na benchi lote likacheka.

"Cheka, cheka!" Wanza alijibu akirudi, akijifuta macho. "Wewe yako umeyaleta kwa barua?"

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yule mwanamume. Bi Mwanaesha alivuta buibui lake karibu. "Astaghfirullahi," akasema. "Watu wengine hawana haya."

Ikawa zamu ya Mwanatumu. Akaelekea ukutani, akainua ukaya usoni kidogo tu, akadondosha alichodondosha nyumbani, tone lilelile, akafunika, akaweka kwenye sinia. Alipokaa, Wanza alikuwa akimtazama.

"Mama, usinikasirikie. Hayo ni mate."

"Ndiyo waliyotaka."

"Nani anataka mate? Umetema kama ndege amenyweshwa maji. Ona." Akafunua kikopo chake kidogo, kama mtu anayeonyesha alichonunua sokoni.

Mwanatumu akaona. Kizito, cha manjano, kimeshika ukuta. Alikijua! Alikiosha kitu kile kila asubuhi kwa miezi kwa mikono yake mwenyewe, na siku alipopewa kikopo chake hakukikumbuka, kwa sababu kilikuwa cha mwanamume, na hakupata hata kufikiri kwamba mwanamke anaweza kukitoa kwenye mwanga wa jua. Cheti hakikumsingizia, maskini. Alikipa mate, nacho kikasema mate ni safi. Chenyewe kilichokuwa kikimla alikuwa amekimeza, mara ngapi kwa siku, kwa adabu zote.

Akainuka. Sinia lilikuwa mlangoni. Zilpah alikuwa ameliinua tayari kuingia nalo ndani.

"Ngoja! Kile changu, nipe."

"Mama, umeshaweka."

"Si changu. Ni mate tu. Nipe."

Zilpah akamtazama, akakitikisa kikopo, akampa.

Bi Mwanaesha alimshika buibui. "Keti, Mwanatumu! Mzee Abdulhalim yuko pale, jirani yetu, benchi la mbele, akuona!"

"Na anione, mama."

Akaenda nyuma ya tangi. Akatupa ukaya juu ya kichwa. Alijaribu kukohoa, na koo likakataa. Miaka yote ile lilikuwa limefunzwa kufunga, sasa halikujua kufungua. Kikohozi kilichomsumbua usiku na mchana kilijificha kama mtoto aliyeitwa mbele ya wageni. Akajaribu tena. Machozi yakamtoka. Wanza alikuwa amemfuata. Akamzungushia mkono kiunoni.

"Toa chini. Chini kabisa. Vuta hewa, kaza tumbo, kama unasukuma mtoto."

Hilo alilijua. Alishika bomba la tangi, akainama, akasukuma. Kikatoka kwa sauti ambayo hakujua kama anayo, sauti pana, chafu, iliyovuka ua na kuwanyamazisha wanaume katikati ya mazungumzo yao. Mara ya pili. Mara ya tatu kitu kikang'oka mahali pale ambapo mkono haufiki, kikapanda, na badala ya kukishusha alikitia kikoponi. Alihisi uzito wake kiganjani. Ulikuwamo uzi mwekundu, na asubuhi ile hakuwa ametafuna tambuu.

Alipotokeza, Mzee Abdulhalim alikuwa ametazama kando kwa haraka ya mtu aliyekwisha kuona yote. Bi Mwanaesha alikuwa amejifunika uso mzima.

Majibu safari hii walikwenda kuyachukua wote wawili, mume na mke. Baada ya majibu Mwanatumu akapigwa picha, na baada ya picha Zilpah akawaita kando. Upande mmoja wa mapafu ulikuwa umeliwa vibaya. "Mambo haya si ya jana wala juzi," alisema. "Mbona mmekaa nayo mpaka hapa?" Mwanatumu alimtazama Badawi. Badawi alitazama viatu vyake. Vitanda vya wanawake vilikuwa vichache na vimejaa; basi sindano kila asubuhi, bila kukosa hata siku moja, na vidonge kwa muda mrefu; mtoto aachishwe ziwa leo na aletwe apimwe. "Na ukikosakosa," Zilpah alisema, akimnyooshea kidole yeye, si mumewe, "dawa itakuwa bure, na pafu la pili litafuata."

Mwanatumu alitoka pale na kitu kama utulivu kifuani mwake. Hakuwa na wazimu. Alikuwa mgonjwa. Lilikuwa neno la haki, na lilikuwa lake.

Utulivu ule haukudumu. Mzee Abdulhalim alikuwa amekwisha kuifikisha habari mtaani. Wanawake waliozoea kupanda alasiri kwa Bi Mwanaesha hawakupanda, siku ile wala ya pili yake. Siku ya tatu, Mwanatumu akiwa anatafuta viatu vyake aende sindano, Bi Mwanaesha akamwita ukumbini. Badawi alikuwapo; hakwenda kazini. Walikuwa wamekwisha kusemezana.

"Tumeona bora urudi Kuze," Bi Mwanaesha alisema. Sauti yake haikuwa kali. Alikuwa na Nana mapajani, na Nana alilia kwa kuachishwa ziwa mpaka sauti ikamkauka. "Kwa nduguyo Gharib. Wakuuguze mpaka upoe. Nyumba hii haina mtu wa kuuguza mgonjwa."

Nyumba hii! Mwanatumu aliyatazama matandiko, rafu, tasa, kuta alizozishika ngazini.

"Badawi alipougua, mama, mlimrudisha kwa nani?"

"Badawi yuko kwao."

"Na mimi kwetu ni wapi?"

Kuze si mbali na Kibokoni. Mtu mwenye mapafu mazima hufika kabla jasho halijamtoka. Lakini Gharib alikuwa mtu wa kujivunia kwamba wake wa nyumba yake hawaonwi na jua. Mwanamke aliyerudishwa kwake na mume hangemwachia atoke kila asubuhi kupita Makadara mpaka kliniki ya makuli. Angemwita shekhe amsomee. Angemwombea kwa moyo safi. Siku mbili, siku nne, sindano imekoma. Na wote waliokuwamo chumbani mle walilijua hilo sawasawa na yeye.

"Ni kwa muda tu," Badawi alisema. "Watu wasemeseme mpaka wachoke. Nitakuja kukutazama."

"Sindano je?"

"Nitazungumza na Gharib."

"Utazungumza naye lini?"

"Nitazungumza naye, Mwanatumu, si nimesema! Keti kwanza, tulizungumze vizuri, mbona hukai?"

Mwanatumu hakukaa. Alikipata kiatu cha pili chini ya kitanda, akakivaa. Akachukua buibui msumarini.

"Wendapi?" Bi Mwanaesha akauliza.

"Hospitali, mama. Chumba cha sindano chafungwa saa sita."

"Peke yako? Mchana huu?"

"Atakayenipeleka yuko wapi?"

"Badawi! Mkeo huyo! Sema neno!"

Badawi alisimama. Mwanatumu alimbusu Nana utosini, harakaharaka, pumzi ameizuia, akashuka ngazi mkono mmoja ukutani, na safari hii kikohozi kilipomjia katikati ya ngazi alikikohoa palepale kwa sauti, mpaka mwisho, akafuta mdomo, akaendelea kushuka.

Nje jua lilikuwa limekwisha kuingia njiani. Alitembea katikati ya njia, si pembeni kwenye kivuli cha kuta. Hakwenda mbio, maana hakuweza, wala hakusimama, maana alijua akisimama hatapata pumzi ya kuanza tena. Alikuwa amefika pembe ya msikiti aliposikia viatu nyuma yake, vya mtu anayekimbia huku akijaribu isionekane kama anakimbia.

"Ngoja! Mwanatumu, ningoje!"

Hakungoja. Viatu vikakaribia. Mume hutembea mbele na mke hufuata. Ndivyo walivyotembea tangu waoane. Lakini yeye hakupunguza mwendo hata kidogo, na Badawi, ili amtangulie, ingembidi akimbie kweli mbele za watu. Akabaki hatua mbili nyuma yake, kofia imekaa upande, akihema, hajui kama anamrudisha au anampeleka.

"Utaanguka," alisema.

"Basi kaa karibu," alijibu, bila kugeuka.